Pumzi Katika Wimbo wa Saba

Jua lilikuwa limekwisha kuzama nilipotoka nyumbani kwenda studio, kurudisha albamu ya watu. Mke wangu aliniuliza kwa nini nisiipeleke asubuhi. Nilimjibu kwamba si mbali. Sikumwambia kuwa nilikuwa nakwenda kukiri, wala kwamba nikilala tena na neno lile kifuani, huenda nisiamke na moyo wa kulisema.

Kwa miaka thelathini nilifundisha elimu ya wapokezi wa habari: namna ya kuipima kauli kwa kumpima msemaji wake, alimsikia nani, na kama alisikia kweli. Nilipostaafu, mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mhariri wa gazeti, alinipa safu ya uhakiki wa muziki. Watu walicheka. Mzee wa vitabu vya kale na magitaa ya roki! Lakini sikio ninalo, na ukali wa muziki wa metali haukunitisha; zipo dua ambazo nazo huombwa kwa kupiga kelele.

Albamu ya Radi ilinifikia siku ileile ya kukabidhi makala. Radi lilikuwa jina la jukwaani la kijana mwembamba mwenye pumu, kiongozi wa kundi lake, na dada yake ndiye fundi sauti aliyeirekodi. Ilikuwa na nyimbo tisa. Nilikuwa nimesikiliza nne simu ilipolia.

"Maalim, ukurasa unakungoja wewe tu," alisema mhariri. "Na tafadhali, usisifu mwanzo mwisho. Watasema umelishwa kitu."

Mhakiki anayetaja kasoro moja ndogo, na kuonyesha mahali pake hasa, huaminiwa katika mengine yote. Hilo nalijua. Basi nikaandika kwamba katika wimbo wa saba, pale ngoma zinaponyamaza, mtu anavuta pumzi karibu mno na maikrofoni, na fundi hakujali kuiondoa.

Wimbo wa saba sikuwa nimeusikia.

Kabla juma halijaisha, wahakiki watano walikuwa wameandika juu ya pumzi ile. Mmoja aliiita uzembe, mwingine aliiita aibu. Hakuna aliyesikiliza. Kila mmoja alipokea kwa mwenzake, na mlolongo wote ukaishia kwangu. Na nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Radi aligombana na dada yake, akamwondoa kwenye mitambo, akajifungia studio kuitafuta pumzi hiyo ili aifute. Alikaa siku arobaini katika vumbi la chumba kisicho na dirisha. Alikutwa amekufa, ameketi, hedifoni masikioni, wimbo wa saba ukijirudia. Daktari alisema ni pumu.

Ndilo neno nililokwenda kukiri jioni ile.

Studio ilikuwa chini ya jengo la ofisi, mwisho wa ujia wenye harufu ya vumbi na nyaya zilizopata moto. Dada mtu alinifungulia mlango mzito uliotandikwa sponji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Pole sana."

"Asante. Ingia na viatu tu. Aliyekuwa akitufokea kwa ajili ya zulia hayupo."

Alijaribu kucheka. Kisha akashusha sauti.

"Nilitaka nikutafute. Tangu tumzike naisaka ile pumzi na siipati. Nionyeshe, mzee. Kaka yangu amekufa hasemi nami. Nataka kujua jambo moja tu: je, kosa lilikuwa langu?"

Nilifungua kinywa. Neno lilikuwa moja tu: hapana. Lakini alikwisha kunivalisha hedifoni na kubonyeza kitufe.

Magitaa yalinguruma. Ngoma zikaja, nzito, za haraka... zikanyamaza.

Kimya.

Kisha...

Hhhhhh...

Pumzi. Ilipita katika koo lililobana, na ndani yake mlikuwa na mluzi mwembamba. Ilikuwa karibu hata shingo yangu ikapata baridi. Nikasikia harufu kali ya dawa ya kifua.

Mola anisamehe. Hisia ya kwanza moyoni mwangu haikuwa hofu.

Ilikuwa furaha.

Kumbe sikusema uongo!

"Hapo," nikasema.

Alininyang'anya hedifoni, akarudisha nyuma, akasikiliza. Uso wake ukabadilika rangi.

"Ni yeye," alinong'ona. "Kifua kikimbana, hivi ndivyo anavyopumua. Lakini mzee... wimbo huu hauna mwimbaji. Tulipourekodi alikaa hapa, kando yangu, upande huu wa kioo. Kule kwenye maikrofoni hakukuwa na mtu."

Tulitazama kioo. Upande wa pili palikuwa na maikrofoni moja, na giza.

"Basi alikuwa na haki," akasema, machozi yakimtiririka. "Nami nilimwita mwehu."

Hapo ndipo ilinipasa kusema. Nikatazama viatu vyangu. Nikaaga.

Nilimwacha na kosa langu mikononi mwake.

Siku tatu sikupata usingizi. Ya nne, mchana kweupe, nilirudi. Alinifungulia hedifoni ikiwa kichwani, amefunua sikio moja tu, midomo imemkauka.

"Binti yangu, nilizua," nikasema pale pale mlangoni. "Wimbo ule sikuusikiliza. Wewe huna kosa. Naapa."

Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemhurumia babu yake.

"Acha kunibembeleza, mzee. Nimesikia kwa masikio yangu, nawe ulimsikia kabla yetu sote." Akakohoa. Kifuani mwake mlikuwa na mluzi. "Sasa yumo hata katika wimbo wa nane. Jana alifika hata wimbo wa pili. Nikipata mahali anapoanzia, nitamwomba radhi."

Mlango ukafungwa.

Nilimwendea mhariri, nikamlazimisha achapishe ungamo langu, neno kwa neno. Nilidhani kwamba nikilikata shina, matawi yatanyauka. Barua zikaja kwa makumi. Hakuna aliyenilaumu. Wote waliandika kwamba uzee umenitia woga, kwamba pumzi ipo, wameisikia majumbani mwao.

Barua ya mwisho imefika leo. Ni ya msomaji nisiyemjua, mwenye mwandiko mzuri. Anauliza, kwa adabu nyingi, kwa nini mhakiki mwenye sikio kama langu alitaja pumzi moja tu, hali katika wimbo wa saba zimo mbili, na ya pili ni ya mwanamke.

Nimevaa viatu tangu adhuhuri, niende studio. Bado nimekaa.