Tundu la Upande wa Ndani

Kila asubuhi Tusekile alikamua ng'ombe, na mumewe Asajile aliosha madumu. Walikaa kijijini Masoko, kwenye shamba la migomba na kahawa. Maziwa yakishachujwa, Asajile aliyafunga kwenye keria ya baiskeli, dumu moja huku na jingine huku. Kisha alianza safari ya kwenda Tukuyu, kwa Bi Mwanabibi, mwenye mgahawa karibu na soko.

Miaka ile maduka ya Tukuyu yalikuwa yameanza kujaa bidhaa tena. Zamani mtu alitafuta tyubu ya baiskeli mpaka Mbeya, akaikosa. Sasa tyubu zilining'inia milangoni. Asajile alifikiri shida za baiskeli zimekwisha.

Lakini asubuhi moja gurudumu la nyuma lilipata pancha. Asajile alikuta mwiba, akaung'oa, akaziba. Siku chache baadaye, akishuka penye mawe, upepo ukaisha tena. Alitafuta mwiba, hakuuona. Akaziba tena. Mwisho alinunua tyubu mpya kabisa, akaifunga mwenyewe nyumbani. Hiyo nayo ikatoboka njiani.

Maziwa yakafika mjini yamechachuka. Bi Mwanabibi aliyaonja, akakunja uso.

"Baba Tulia, wateja wangu wanataka chai ya maziwa. Hawajaniagiza mtindi."

"Nisamehe, Bi Mwanabibi. Ni pancha."

"Kila siku pancha? Kuna mama wa Kyimo anaomba kuniletea maziwa. Nikimkubali yeye, utasema nimekuonea?"

Asajile alirudi nyumbani. Jioni aliketi mbele ya baiskeli yake, ameshika tama.

"Labda tyubu za siku hizi si imara," Tusekile alisema.

"Mbona hata ile ya zamani ilikuwa inatoboka?"

"Basi labda ni mzigo."

"Mzigo ni uleule wa mwaka jana, Mama Tulia."

Asajile alitazama nje. Jirani yao, Ambindwile, alikuwa amekata uzio wake wa michongoma. Matawi yenye miiba yalilala kando ya njia. Asajile aliyatazama sana, na wazo baya likamwingia. Akainuka, akaenda.

"Ambindwile! Nimekukosea nini, hata unitegee miiba?"

Ambindwile alisimama na panga lake mkononi. Alifikiri ni utani. Alipoona uso wa Asajile, alijua si utani.

"Nikutegee miiba? Mimi?" alisema polepole. "Nilibeba jeneza la mama yako kwa bega hili, Asajile."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Tangu hapo hawakusalimiana.

Kesho yake Asajile alizunguka njia ya bondeni, mbali na michongoma. Tusekile alifuatana naye ili akamsihi Bi Mwanabibi. Walipokaribia mjini, walisikia sauti: pssss! Gurudumu la nyuma lilikaa chini.

Asajile alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Sielewi! Huku hakuna michongoma. Huku hakuna Ambindwile. Sasa ni nani?"

"Tushushe mzigo kwanza," alisema Tusekile. Alijitwika dumu moja kichwani. Asajile alibeba la pili kwa mkono mmoja na kusukuma baiskeli kwa mkono mwingine. Walifika wakitweta, lakini maziwa yalikuwa mazima.

Bi Mwanabibi aliwahurumia. "Ipelekeni hiyo baiskeli kwa shemeji yangu Uwesu, nyuma ya msikiti. Anauza spea na kutengeneza baiskeli. Anaongea sana, lakini mvumilieni."

Uwesu aliwapokea kwa sauti kubwa, akiwasalimu kwa Kinyakyusa. "Mwagonile! Karibuni! Nani mgonjwa, mtu au baiskeli?"

"Ndaga, Bwana Uwesu. Ni baiskeli," alijibu Asajile. "Nimeziba, imetoboka. Nimenunua mpya, imetoboka. Nimebadili njia, imetoboka. Nimechanganyikiwa."

"Umeziba. Lakini je, uliuliza tundu limetoka wapi?"

"Tundu nalo huulizwa?"

Uwesu alicheka. Aliitoa tyubu, akaijaza upepo na kuizamisha kwenye beseni la maji. Mapovu yakapanda.

"Tundu lile pale. Bwana, upande huu wa tyubu unatazama barabara au unatazama ringi?"

Asajile aliinama, akageuza tyubu huku na huku. "Unatazama ringi. Upande wa ndani."

"Sasa mwiba wa barabarani utafikaje huku?"

Asajile alilitazama tundu tena. Alianza kuhisi joto usoni.

"Nipe mkono wako," alisema Uwesu. Alikipitisha kidole cha Asajile ndani ya ringi, juu ya vichwa vya spoku. Kimoja kilikuwa kimechomoza na kuchoma kama sindano. "Hapa hukaa mkanda wa mpira, unaofunika vichwa vya spoku. Wa kwako uko wapi?"

Mume na mke walitazamana.

"Kile kimkanda kilichooza?" aliuliza Tusekile. "Tulikiona siku ya kufunga tyubu mpya. Tulidhani ni uchafu, tukakitupa."

"Basi mlitupa godoro, tyubu ikalala juu ya misumari."

"Lakini ile tyubu ya kwanza ilitoboka wakati mkanda bado upo," alisema Asajile. "Hapo ndipo sielewi."

"Iko wapi?"

"Ndiyo hii niliyofungia madumu."

Uwesu aliifungua ile kamba ya tyubu kuukuu, akavitazama viraka. "Hiki kiko upande wa nje. Huu ulikuwa mwiba kweli. Hivi viwili vimekaa sambamba. Ulipopata pancha hii, ulikuwa penye mawe?"

"Penye mawe, ndiyo. Ulijuaje?"

"Upepo ulikuwa mdogo na mzigo mzito. Tairi lilipogonga jiwe, tyubu ilibanwa kati ya jiwe na ringi. Ringi ina kingo mbili, kwa hiyo ikauma mara mbili."

"Kumbe ni matatizo matatu!" alisema Tusekile. "Sisi tulitafuta mkosaji mmoja."

Uwesu aliziba tundu, kisha akasaga kile kichwa cha spoku kwa tupa mpaka kikawa laini. Alikata utepe mrefu kutoka kwenye tyubu kuukuu, akauzungushia ringi. Halafu alimpa Tusekile kitambaa.

"Pitisha ndani ya tairi, taratibu. Kikinasa, kuna kitu."

Kitambaa kilinasa. Ilikuwa ncha ya mwiba, nyeusi, fupi.

"Ukiziba na kuuacha huu, kesho utaziba tena," alisema Uwesu. "Na kabla hujapakia mzigo, bonyeza tairi kwa dole gumba. Likibonyea, piga pampu mpaka liwe gumu. Penye mawe makali, shuka usukume. Jioni zungusha magurudumu, ung'oe miiba kabla haijazama. Tairi likilika mpaka nyuzi zikaonekana, usilionee huruma. Badilisha."

Njiani kurudi nyumbani baiskeli ilikwenda vizuri, lakini Asajile hakuwa na raha. Alipitiliza hadi kwa Ambindwile.

"Nimekuja kukiri kosa, ndugu yangu. Tundu lilitoka ndani ya ringi yangu mwenyewe. Nilikusingizia. Naomba unisamehe."

"Nimesikia," alisema Ambindwile, akaendelea kupasua kuni.

Kesho yake matawi ya michongoma hayakuwapo njiani. Yalikuwa yamefagiliwa na kuchomwa moto. Asajile alishukuru kwa sauti alipopita. Hakuna aliyemjibu.

Miezi ikapita. Kila asubuhi Asajile alibonyeza matairi na kupiga pampu. Kila jioni Tusekile alizungusha magurudumu na kutafuta miiba. Maziwa yalifika mapema, na Bi Mwanabibi aliacha kumtaja yule mama wa Kyimo. Lakini uzio wa Ambindwile ulibaki kimya, na jambo hilo lilimuuma Asajile.

Alfajiri moja walisikia hodi. Alikuwa Ambindwile, miguu imejaa matope.

"Ng'ombe wangu anashindwa kuzaa," alisema. "Bwana mifugo yuko mbali. Naomba baiskeli."

Tusekile alikimbia kuitoa. Asajile alibonyeza tairi la mbele, akabonyeza la nyuma. Yalikuwa magumu.

"Nenda, ndugu yangu. Penye mawe shuka."

Asajile alikwenda zizini kwa Ambindwile, akakaa na ng'ombe aliyekuwa akigumia. Alimpangusa, akamsemesha. Mvua ilikuwa imeosha njia na kuacha mawe wazi. Alisikiliza kila sauti ya nje. Je, matairi yatahimili watu wawili?

Jua lilipochomoza, Ambindwile alitokea akinyonga baiskeli kwa nguvu, bwana mifugo amekaa nyuma kwenye keria. Kazi ilikuwa ngumu. Wanaume watatu walivuta kwa pamoja, wakaloa jasho na damu. Hatimaye ndama jike alianguka kwenye majani, akapiga chafya, akatikisa masikio.

Ambindwile aliketi chini palepale, akacheka huku machozi yakimtoka.

"Asajile," aliita. Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina hilo tangu siku ya ugomvi. "Kamwite Mama Tulia. Leo mnakula kwangu."