Uyoga wa Kwanza Ni wa Msitu

Siku za shule, Najiat aliamshwa mara tatu na bado akachelewa. Lakini Jumamosi za msimu wa mvua, kabla mama yake hajafungua mlango wa jikoni, yeye alikuwa amekwishafagia uwanja na kuosha vyombo. Kisha alichukua kikapu na kukimbilia nyumba ya tatu, kwa jirani yao Bibi Mwanne.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekunywa chai? Msituni hakuna mgahawa."

Bibi Mwanne alilemaa mguu wa kushoto tangu utotoni, akawa anatembelea mkongojo. Hata hivyo, mtaa mzima wa Isevya hakuwapo wa kumfikia kwa kuujua uyoga. Bodaboda iliwapeleka mpaka lami ilipoishia, nje ya mji wa Tabora, nao wakaingia kwenye msitu wa miombo taratibu, mwendo wa Bibi. Alimwonyesha Najiat uyoga unaoota kwenye vichuguu, akamfundisha kunusa na kutazama chini ya kofia yake. Alimkataza kabisa kuokota akiwa peke yake, kwa sababu mwingine unaua.

Uyoga wa kwanza waliouona siku hiyo hakuung'oa. Aliuinamia, akaondoa jani lililoufunika, akapita.

"Wa kwanza ni wa msitu," alisema. "Sisi tunaanzia wa pili."

Mwaka huo Mwalimu Theodora, mlezi wa klabu ya mazingira, aliwataka wanafunzi waandike insha kuhusu msitu. Insha bora ingesomwa katika kipindi cha watoto kwenye redio ya mjini.

"Bibi, nitakuandika wewe," Najiat alisema.

"Mimi? Redioni?" Bibi Mwanne alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Tangu siku hiyo kila jirani aliyepita alipewa habari hiyo, hata wale ambao hawakuuliza.

Najiat aliandikia insha yake kwenye maktaba ya shule. Alipochoka alifungua vitabu vya safari za porini vilivyokuwa rafuni. Katika kila kitabu palikuwa na mwanamume mwenye nguvu, buti ndefu na darubini shingoni. Hakumwona aliyevaa kanga. Hakumwona anayechechemea, wala anayeuza uyoga kando ya barabara. Akaitazama insha yake, akaona aibu. Wenzake wangemcheka! Basi akachukua kifutio, akafuta jina la Bibi Mwanne, akaandika "Bwana Adinani, mtaalamu hodari wa misitu". Bwana huyo hakuwahi kuzaliwa, lakini alipewa buti, darubini na maneno yote ya Bibi.

Insha ilishinda. Najiat alirekodiwa, akapewa begi jipya, na moyo wake ukawa mzito kuliko begi lenyewe.

Jumamosi ya kipindi, Bibi Mwanne alikaanga vitumbua na kuita majirani. Redio iliwekwa juu ya stuli. Najiat alikaa karibu na mlango, tayari kutoroka. Sauti yake ikasikika: "Bwana Adinani aliinama, akaniambia, uyoga wa kwanza ni wa msitu."

Majirani wakatazamana. Mmoja akauliza, "Mwanne, mbona wewe haumo?"

Bibi Mwanne alimsogezea sahani ya vitumbua. Kipindi kilipoisha alizima redio, akawapa wageni vitumbua vilivyobaki, akawasindikiza. Aliporudi, alimkuta Najiat amejiinamia.

"Maneno ni yangu, Naji," alisema polepole. "Ila leo yamevaa buti."

Bibi aliiondoa redio, akaketi kwenye stuli.

"Nilitaka watu wasikie mwaka huu, kwa sababu mguu wa pili nao umechoka. Msituni sirudi tena. Keshokutwa mwanangu Issa anakuja kunichukua, nikaishi kwake Usoke."

Najiat alikimbia nyumbani akilia. Jumapili yote aliona haya kwenda kuomba radhi. Jumatatu, alipotoka shule, mlango wa Bibi Mwanne ulikuwa na kufuli. Najiat alisimama pale akajichukia.

Kesho yake alimrudishia Mwalimu Theodora begi, akasema kila kitu.

"Kwa nini ulifanya hivyo?" mwalimu aliuliza.

"Vitabuni hakuna mtu kama Bibi, Mwalimu. Nilidhani hafai kuandikwa."

"Vitabu hivyo nilivichagua mimi," alisema Mwalimu Theodora. "Na sikuliona hilo. Nenda ukaandike upya."

Aliwaomba watu wa redio dakika tano, wakampa. Jumamosi iliyofuata Najiat alisoma insha mpya moja kwa moja hewani. Alikiri kwamba Bwana Adinani ni wa kubuni. Alimtaja Bibi Mwanne wa Isevya, kanga yake, mguu wake na mkongojo wake. Sauti ilimkatika mara mbili, lakini alifika mwisho.

Jioni mama yake alimpigia Issa simu, akampa Najiat azungumze na Bibi.

"Nimesikia," sauti ya Bibi Mwanne ilisema. "Nimemwambia Issa aongeze sauti mpaka isikike nyumba ya pili."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe, mjukuu wangu."

"Msimu ujao utakuja twende?"

"Hapana, Naji. Msimu ujao utaniandikia, nami nitasomewa." Najiat alimpa mama yake simu, akaenda kulia chumbani.

Jumatatu Mwalimu Theodora aliisimamisha ile insha mpya rafuni, kati ya vitabu vya wanaume wenye buti.

"Ukificha jina la aliyekufundisha, umemwibia," aliwaambia wanafunzi. "Na umewaibia wengine pia. Yuko mtoto mwenye mkongojo atakayekuja hapa kusoma. Asipomkuta mtu kama yeye, atadhani msitu si wake. Andikeni watu walivyo."

Najiat aliinua mkono. "Mwalimu, Bibi hajui kusoma. Nani atamsomea?"

"Issa atamsomea. Wewe andika."

Najiat akarudi nyumbani akipitia mbele ya mlango wenye kufuli. Kikapu cha Bibi Mwanne kilikuwa bado kimetundikwa ukutani, barazani. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha, nacho kilikuwa kikilowa. Najiat alikiondoa, akakiweka mahali pakavu.