Kiitikio cha Chiriku

Msusi alifunga kibanda chake mapema, jua likiwa bado halijazama, na hakuna mteja aliyenuna, maana mtaa mzima ulikuwa na majonzi. Chiriku amefariki. Tangu asubuhi redio zilipiga nyimbo zake tu, na msusi alilia mpaka akajionea haya. Kilio huanza mfiwa, lakini yeye alikuwa amewatangulia wafiwa wote.

Mwacheni alie. Akiwa na miaka kumi na sita alitoroka shule kwenda kumwona Chiriku jukwaani, akachapwa, akatoroka tena. Mumewe alipomwacha na mtoto mchanga, ni sauti ile iliyomtoa kitandani akaenda kusuka vichwa vya watu. Kwa hiyo dada mkubwa wa marehemu alipompigia simu, akimwomba aje amsuke mdogo wake kabla ya mazishi ya kesho, alijiona ameteuliwa kati ya maelfu.

Aliteuliwa kweli.

Alimwacha binti yake wa miaka tisa kwa jirani, pamoja na dawa yake ya kuvuta. Kifua cha mtoto yule kilikuwa kibovu. Akicheza kidogo tu, pumzi zinakatika. Msusi hakuwa na mtu mwingine duniani.

Dada mtu alimpokea mlangoni, kilemba kimembana masikio. Hakuwa na machozi. Alimpeleka chumba cha nyuma huku akimuuliza kama kweli anazijua nyimbo za mdogo wake. Zote, akajibu msusi, hata zile ambazo redio zimezisahau. Akaulizwa ana watoto wangapi. Mmoja, wa kike, na kifua kinamsumbua. Dada mtu aliinamisha macho, na msusi akadhani ni huruma.

"Fanya kazi yako, mdogo wangu. Mimi niko hapo nje."

Mlango ukafungwa.

Chiriku alikuwa amelazwa juu ya meza, shuka hadi kifuani. Chumba kilinuka dawa ya maiti, na chini yake harufu nyingine... kama chuma kilicholowa. Pembe za midomo zilikuwa zimepasuka, vidonda vipya juu ya makovu ya zamani. Msusi aliona uchungu. Akagawa nywele kwa kitana, akaanza twende kilioni, mtindo rahisi wa kurudi nyuma ambao alishausuka mara elfu bila kulifikiria jina lake.

Mstari wa kwanza. Wa pili. Kwenye wa tatu akasikia kitu.

Mtu anavuta pumzi.

Vidole vikasimama. Alitazama kifua cha maiti. Kimetulia. Alitazama dirisha. Limefungwa. Akajiambia ni majonzi tu, akarudi kwenye nywele.

Kisha sauti ikaimba, taratibu, karibu mno na mikono yake.

"Nimebisha mlangoni... nani yumo?"

Midomo ya maiti haikutikisika.

Sasa, mwenye akili zake angekimbia. Lakini wimbo ule kila shabiki aliujua: Chiriku anauliza, uwanja mzima unajibu. Kwa miaka ishirini na miwili msusi alikuwa amejibu. Jikoni, kwenye basi, hata akiwa na uchungu wa kuzaa. Mdomo ulitangulia akili.

"Nimo mimi, ingia."

Taa ikazimika, ikawaka. Kitu cha baridi kikampita shingoni, kikaenda zake. Juu ya meza, uso wa Chiriku ulilegea kama wa mtu aliyepata usingizi hatimaye.

Dada mtu akaingia. Alifungua kilemba, akachomoa pamba kwenye sikio la kulia, kisha la kushoto.

"Umejibu?"

Msusi aliitikia kwa kichwa.

"Mama yetu alijibu, sauti ikamwingia mdogo wangu. Huwa inakwenda kwa binti wa anayejibu, na haitoki mpaka afe. Nyinyi mliiita kipaji. Miaka thelathini hakuweza kunyamaza, hata usingizini."

"Mwanangu hana pumzi," msusi akanong'ona.

"Na mimi nina binti." Dada mtu alitazama kichwa cha marehemu, akahesabu. "Umebakisha mistari minne. Nenda tu, nitamalizia mwenyewe."

Msusi alikimbia, kitana mkononi. Giza lilikuwa likiingia alipofika mtaani kwake, na kwa jirani watu walikuwa wamejaa hadi nje. Akaisikia kabla ya kuona lolote. Sauti pana, ya mwanamke mzima, ikitoka kwenye kifua kisichoweza kupanda ngazi.

Binti yake alikuwa amesimamishwa juu ya stuli, macho yamemtoka. Alipomwona mama yake alijaribu kuacha. Midomo ilifungika... ikafunguka kwa nguvu, ikapasuka upande mmoja. Jirani, akilia kwa furaha, alimkumbatia msusi na kumwambia kwamba Chiriku hajafa, wamerudishiwa. Msusi alisihi aitwe daktari. Nani amsikie, katikati ya makofi yale?

Akapenya, akamziba mtoto mdomo kwa kiganja. Sauti haikupungua hata kidogo. Ilipita kwenye mkono wake, na kiganja kikajaa kitu cha uvuguvugu.

Wakamshika. Wanaume wawili wakamvuta nyuma, na mama mmoja akamwambia kwa upole kwamba wivu kwa mtoto wako mwenyewe ni dhambi.

Kisha wakaomba wimbo mwingine, na mtoto akaimba.