Vinasa Sauti vya Burumba

Rafiki yangu Adoyo hurekodi sauti za filamu. Alipokuwa mpakani Malaba akirekodi malori, ndugu zake walimzika mama yao bila hata kumpigia simu. Alipofika nyumbani alikuta kaburi limeshasakafiwa.

"Si ulikuwa unasikiliza malori?" kaka yake alimwambia.

Adoyo alirudi kazini na uchungu wake. Siku moja alienda duka moja mtaani Burumba kutafuta kinasa sauti kipya. Mvua ilikuwa inanyesha, stima zikapotea, duka likawa giza. Muuzaji, Vitalis, alimpa vinasa sauti vya betri avijaribu.

Adoyo alivaa hedifoni. Nyuma ya sauti ya Vitalis alisikia udongo ukiangukia mbao. Akabadilisha maikrofoni, udongo ukaendelea. Akafungua kinasa sauti kingine, kipya kabisa, na bado udongo ukaanguka.

"Hebu sikiza, boss," alisema, akimpa hedifoni. "Niambie ni mvua."

Vitalis alisikiliza kwa muda mrefu, kisha akavua hedifoni polepole.

"Mvua imeisha kitambo, dada. Hawa watu wanazika. Lakini mbona hawaachi, na mama wa watu anapiga kelele huko ndani?"