Kiti cha Elieth

Alhamisi ya ndege, uwanja wa Kasulu hugeuka gulio. Magari ya mashirika yamepangana, bodaboda wanapiga honi, mbuzi wanafukuzwa ili ndege ipate pa kutua. Mwaka huo wa 2015 wageni walikuwa hawaishi, wengi wakielekea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Nestori, fundi wa sola mjini, alikuja kupokea betri zake.

"Wewe ndiye dereva wangu?" aliuliza msichana aliyeshuka na gauni la njano na viatu visivyojua tope.

"Nina pikipiki tu, sista. Ila kama unataka dereva, nimeanza kazi sasa hivi."

Msichana akacheka. Aliitwa Elieth, muuguzi, mtu wa Njombe, kituo chake Kibondo; Kasulu alikuwa amekuja kwa kikao cha kazi.

Wakapendana kama watu wanavyopendana, bila kuangalia ramani. Kwa ndege, Kibondo na Kasulu ni kilomita mia na thelathini hivi, nusu saa haifiki: unafunga mkanda, unamung'unya pipi, umefika. Kwa barabara ni siku nzima ya vumbi, na mvua ikinyesha ni shauri ya Mungu. Elieth alikuwa na kiti kwenye ndege ya shirika lake mara moja kwa mwezi. Nestori alikuwa na basi.

Ugomvi ulizuka kwenye simu, siku chache baada ya Nestori kumwambia anataka kumuoa.

"Jibu nakupa Alhamisi nikija, mpenzi."

"Mpaka Alhamisi? Wewe kuja ni nusu saa, mamaa. Mimi nikija nafika kiuno hakina kazi. Hapa anayependa ni nani?"



"Kumbe unahesabu," alisema Elieth, akakata.

Alhamisi Nestori alivaa shati lililopigwa pasi, akafika uwanjani mapema. Ndege ikatua. Wakashuka madaktari wawili, mlango ukafungwa.

"Sista Elieth yuko wapi?" akamuuliza mmoja wao.

"Kiti chake ameniachia mimi. Kasema hakihitaji."

Basi, hilo ndilo jibu. Nestori aliumia, aliumia kweli, na kwa kuwa hakutaka pole ya mtu, alizima simu, akafungua duka, akakaa anachomelea waya ambao haukuwa na ubovu wowote.

Jioni basi la Kibondo liliingia. Mtu akasimama mlangoni mwa duka, mwekundu kwa vumbi kuanzia kilemba hadi vidole vya miguu.

"Simu yako ina nini? Nimepiga tangu Makere mpaka chaji imeniishia!"

"Elieth! Si umekataa ndege?"

"Nimekataa ndege, sijakukataa wewe. Tumesukuma basi mara mbili. Nimetapika. Kuku wa watu amenilalia mapajani."

"Ulitaka kunikomoa?"

"Nilitaka kujua unavyokuja kwangu. Ndege ilikuwa inanidanganya, nikadhani tunakaa jirani." Akaketi juu ya boksi la betri. "Miezi yote hii unapita humo?"

"Ndiyo."

"Na ukishuka unatabasamu?"

"Si nakuwa nimekuona."

Elieth akajifuta macho, akazidi kujipaka vumbi.

"Basi nioe," alisema. "Ila kwa wazee wangu Njombe hakuna ndege. Ni siku tatu kwa basi."

Nestori akachukua kufuli, akaanza kufunga duka.