Mpira wa Mvuke

Kila Jumamosi mchana Agustina alimpelekea baba yake chakula kwenye sheli ya Nyamisangura, alikofanya kazi ya kuuza mafuta. Akishamaliza, alizunguka nyuma ya ukuta kumsaidia shangazi yake Rhoda, aliyechoma mahindi kando ya mtaro.

Siku hiyo lori lilikuwa linashusha petroli. Agustina alisimama nje ya kamba iliyozuia watu na kuhesabu mipira. Inatakiwa iwe miwili: mmoja unapeleka petroli kwenye tangi la chini ya ardhi, mwingine unarudisha mvuke ndani ya lori. Aliuona mmoja tu. Mdomo wa pili wa tangi ulikuwa wazi, na hewa juu yake ilitetemeka kama juu ya bati lililopigwa na jua.

"Shikamoo, Baba. Mpira wa mvuke uko wapi?"

"Marahaba. Dereva Dullah hajaufunga," alijibu Waitara, baba yake. "Anasema mdomo ukiwa wazi mafuta yanashuka haraka. Anawahi kufika Mugumu."

"Si wewe uliyeniambia mvuke huo unatambaa chini na kushika moto hata mbali?"

"Hayo ni ya wakubwa. Weka chakula, nenda kwa shangazi yako."

Agustina aliondoka amekunja ngumi. Baba huyuhuyu ndiye aliyewafokea nyumbani kwa kuchezea kibatari! Leo dereva ana haraka, naye amefyata mkia.

Alipokata kona, harufu ya petroli ilimkaba koo. Mvuke ulikuwa umeteremka na mtaro. Shangazi alikuwa ameinamia jiko lililojaa mkaa, njiti mkononi.

"Usiwashe!" Agustina aliruka, akampokonya njiti na kiberiti.

"Unaninyang'anya mimi? Una wazimu?"

"Nusa, Shangazi!"

"Harufu hii ni ya kila siku. Nimeshaizoea."

"Leo si ya kila siku! Ondoka hapo, tafadhali!"

Alimvuta kanga hadi mbali na mtaro, kisha akakimbia kurudi sheli. Hakujali wateja. Alipiga kelele mbele yao wote.

"Baba! Shangazi alikuwa anawasha jiko! Angeungua kwa ajili ya haraka ya Dullah!"

"Mtoto hana adabu huyu," alisema mwendesha bodaboda mmoja. Waitara aliinua mkono kumchapa. Halafu akaona kiberiti kwenye kiganja cha binti yake, na mkono ukashuka wenyewe.

"Funga valvu!" alifoka.

"Zimebaki dakika kumi tu, mzee," alisema Dullah.

"Funga, mura, kijana wewe! Yule ni dada yangu!"

Waitara alibonyeza swichi ya dharura, akawageukia wenye pikipiki. "Sukumeni! Asiwashe mtu injini, asiguse mtu simu!"

Dullah alifunga valvu na kufunika mdomo. Bi Rahima, msimamizi wa sheli, alikataza kazi isiendelee mpaka harufu iishe kabisa. Kisha aliwageukia wanaume wawili, macho mekundu kwa hasira.

"Dullah, hushushi tena hapa bila mpira huo. Na wewe, Waitara, ulipouona mdomo uko wazi ulisema nini?"

"Nilinyamaza."

"Basi mmekosa wote wawili. Sheria hizi hazimlindi aliyeshika pampu peke yake. Zinamlinda hata aliye nyuma ya ukuta, asiyejua kama lori limefika." Akamtazama Agustina. "Ulianza kwa kumwambia mkubwa kwa heshima. Vizuri. Asiposikia, na mtu anaweza kuungua, paza sauti hivyohivyo."

Waitara alilibeba jiko mwenyewe mpaka ng'ambo ya barabara, mbali na mtaro. Dada yake alimfuata na mahindi yake. Waitara aliporudi, Agustina alikuwa bado amenuna.

"Jumamosi ijayo," alisema baba yake taratibu, "hesabu mipira kwanza. Ukiuona mmoja tu, usinisalimie. Piga kelele."