Kiti cha Kulia

Mkanda wa kiti cha kulia cha ndege ulikuwa umelowa. Teodora aliufunga hivyo hivyo juu ya kiti kitupu, maana ndiyo sheria ya anayeruka peke yake: mkanda usio na mtu hufungwa, usije ukanasa kwenye usukani. Ndani kulinuka dagaa wabichi. Akajisemea labda ni upepo wa kutoka soko la samaki la Mwaloni. Upepo gani, jamani, na asubuhi ile hata jani halikutikisika!

Hakuwa na muda wa kuuliza. Mara mbili alikuwa ameshindwa zoezi la dharura, na kwa kosa lile lile: ndege ikianza kudondoka, hofu inambana, anapayuka "Chukua!" Kapteni Machibya, mwalimu wake anayekaa kiti cha kulia, anajibu "Nimechukua," ndipo Teodora anaachia usukani. Ndiyo desturi yao. Usipojibiwa huachii, na aliyechukua hurudisha kwa kusema naye "Chukua."

"Nikikaa pembeni utaniachia tu," Machibya alikuwa amemwambia. "Leo nenda mwenyewe. Ukishindwa, mwanangu, urubani wako umeishia hapa."

"Sitashindwa, Kapteni."

Juu ya ziwa, mbali na visiwa, alipunguza nguvu ya injini akainua pua ya ndege mpaka ikaishiwa mwendo. Kengele ikalia. Bawa la kushoto likaanguka ghafla, ndege ikaanza kuzunguka huku inaporomoka, ziwa likajaa kioo chote cha mbele, na kila alichofundishwa, kanyaga pedali ya kulia, sukuma usukani mbele, kikamtoka kichwani, harufu ya dagaa ikamjaa puani, mkanda wa kile kiti kitupu ukajivuta taratibu ukakaza kana kwamba umepata tumbo la kushika, na Teodora, maskini, akapayuka kama alivyozoea:

"Chukua!"

"Nimechukua," ikajibu sauti nzito, ya mtu mwenye maji kifuani.

Mikono ya Teodora ikaachia. Pedali ya kulia ikazama yenyewe, usukani ukaenda mbele, ndege ikanyooka na kugeuza kuelekea Mwanza.

"Nirudishie," alinong'ona njia nzima, machozi yakimtoka. "Tafadhali, nirudishie."

Ndege ikatua yenyewe kwa ulaini ambao hajawahi kuuweza. Alipotazama kulia, mkanda ulikuwa umelegea na kukauka, na kiti kilikuwa kikavu.

Machibya akaja mbio, akafungua mlango. Hakuwa na furaha hata chembe.

"Ulikuwa umebana kitufe cha redio. Nimesikia sauti mbili." Akashusha sauti. "Teodora, ulimwachia nani? Amekurudishia?"

Alitaka kusema hapana. Alitaka kumshika mkono mwalimu wake na kulia kama mtoto. Lakini mikono yake ilikuwa imetulia mapajani, ikidondosha maji, wala haikumsikiliza. Mdomo ukafunguka wenyewe, harufu ya dagaa ikatoka.

"Nimechukua," ukasema, kwa ile sauti nzito.